Mita ya Mwisho

Miaka thelathini na mitatu nimesoma mita za maji za mji huu.
Najua nani Magomeni huoga mara tatu kwa siku,
nani Mikocheni humwagilia majani usiku, mgao ukiwa umekaza,
na nyumba ipi ya Tandika mshale haukutikisika mwezi mzima
hadi nikabisha hodi,
hodi ya pili, ya tatu,
kisha nikaita mjumbe.

Ijumaa wamenipa saa ya ukutani na soda.
Mkurugenzi mpya alilisoma jina langu kama mtu anayevuka tope:
E-li-ni... Eliniha... Ndugu Mrutu.
Wakapiga makofi. Nikarudisha tochi, buti na kitambulisho.
Kiinua mgongo kimekuja baadaye.
Kimeinua bega moja.

Gaudensia akafuta meza kwa kanga, akafungua daftari.
Tabata, vyumba viwili, choo cha kuchangia:
laki mbili na nusu, miezi sita kwa mkupuo,
na mwenye nyumba ameanza kukohoa akipita mlangoni,
kikohozi cha mtu anayetaka kupandisha kodi.
Masasi, kwa hela hiyo hiyo:
nyumba nzima, ua, jiko la nje, mikorosho saba.
Nikahesabu saba kwa vidole, kama mtoto.
"Na maji?"
"Kisima."
"Mita?"
Akanitazama juu ya miwani.
"Mita utakuwa wewe."

Kaka akapiga simu kutoka Usangi.
Watu wakistaafu hurudi kwao, wewe unarudi kwa mkeo?
Kusini! Umesahau?
Bosi akikuchukia alikuandikia barua ya Liwale,
na masika Rufiji inakata njia, unakaa huko na barua yako.
Sijasahau. Nilimwona Mzee Kiangi akilia juu ya barua kama hiyo,
mwaka huo huo nilioajiriwa.
Lakini shamba la baba tumeligawa mpaka migomba inagombea kivuli.
Sehemu yangu ni pana kama kitanda,
na kitanda ninacho tayari.

Nakijwa alikuja Jumapili na mjukuu mgongoni.
Hakupandisha sauti, hilo ndilo lililoniuma.
"Baba, na presha yako?"
Mama yake akasema Ndanda kuna hospitali, yeye mwenyewe alizaliwa pale.
"Na mimi niliyezaliwa Ilala, nitawafikia saa ngapi?"
Tukanyamaza.
Feni ikazunguka, ikakwama, ikazunguka.
Daftari lilikuwa wazi na hakuna mstari wa kuandika hilo.

Tumeuza friji, kabati, feni yenyewe.
Saa ya ukutani hakuna aliyeitaka.
Nimepita mitaa yangu bila tochi, mikono haijui ikae wapi.
Mama mmoja Kigogo akakimbilia ndani kufunga bomba la wizi;
nikamwambia, mama, acha litiririke, mimi leo ni mpita njia.
Akacheka, akaniletea maji kwenye kikombe cha bati.
Mara ya kwanza kunywa maji ya Kigogo.
Yana chumvi kidogo. Niliandika takwimu zake miaka yote hiyo
sikuwahi kuuliza ladha.

Basi la Kusini linaondoka Mbagala alfajiri.
Gaudensia ameshafunga sufuria kwenye shuka,
anaimba kwa puani jambo la kwao, la Kimakua, ambalo hajawahi kunitafsiria.
Nitakuwa na muda sasa. Nitauliza.
Usiku wa manane nimetoka uani, nikachuchumaa kwa mazoea,
nikafuta vumbi kwenye kioo
ili mpangaji ajaye asilipie maji yetu.
Nimefunga bomba letu mpaka kiganja kikauma.
Nikaandika namba kwenye kiganja hicho hicho.
Mshale bado ulikuwa unatembea, taratibu:
upande wa pili wa ukuta Mama Shufaa anamwogesha mtoto mwenye homa.
Nikafuta namba kwa mate.
Nikasubiri amalize.